Mikono ya Nyumba Moja: Kazi za Shanga na Mapambo Wakati wa Likizo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kitengela, Isinya na Kajiado)



Tumeombwa tuseme juu ya kazi za mikono ambazo familia inaweza kuzifanya pamoja watoto wakiwa nyumbani. Hatutasema maneno mengi ya juu juu. Tutaonyesha kazi tatu, kisha tupige hesabu, kisha tuachiane maswali ya kwenda nayo nyumbani.

Kwanza, kwa nini wakati huu? Kule Uingereza na Marekani, vuli ni majira ya majani kuanguka. Familia huokota majani makavu na kuchonga maboga ya kupambia nyumba. Vuli yetu sisi ni mvua fupi, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Majani hayaanguki, ndiyo kwanza yanachipuka, mvua ikikubali kunyesha. Shule zinafungwa, watoto wanarudi na masanduku yao, Krismasi inakuja. Halafu baada ya Krismasi inakuja Januari. Na Januari mnaijua wenyewe.

Januari ni karo, ni sare, ni viatu. Mwenye mbuzi anapeleka mbuzi sokoni. Mwenzake naye amepeleka, na yule wa ng'ambo ya mto pia. Mnunuzi akiangalia nyuso zenu anajua kwamba mna haraka, basi anataja bei anayotaka yeye. Si kweli?

Na siku hizi hata huyo mbuzi si wa uhakika. Ukame wa mwaka 2009 tuliuona. Ule ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 ukaendelea hadi 2023 tuliuona pia, na mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara ya Namanga. Tena malisho yamepungua. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mtu akapata kipande chake, na vipande vingi vimeuzwa na kuzungushiwa ua. Palipokuwa na nyasi sasa pana nyumba za ghorofa. Hatusemi haya ili tulaumiane. Tunasema kwa sababu familia inayotegemea mfugo peke yake inasimama kwa mguu mmoja. Kazi ya mikono haitachukua nafasi ya ng'ombe, lakini inaweza kuwa fimbo ya kuegemea.

Shanga si jambo geni hapa kwetu. Kule Enkapune ya Muto, karibu na Naivasha, wataalamu walichimba wakapata shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri wa miaka ipatayo 40,000. Zamani kabla ya shanga za kioo watu walitumia mbegu, mifupa, udongo, miti na chuma. Shanga za kioo zililetwa na misafara ya biashara kutoka pwani, nazo zilitengenezwa mbali, kama vile Venice na Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech.

Mwaka 1883 Mskoti mmoja, Joseph Thomson, alikuja na msafara wake akitaka kupita nchi ya Wamasai. Alikuwa na mizigo ya shanga. Alipofika Taveta akaambiwa kwamba Wamasai hawapokei shanga ovyo ovyo. Lazima ziwe zimetungwa katika uzi, kwa urefu wanaoukubali wao. Ikabidi asimamishe safari, na watu wake wakakaa chini kutunga shanga. Mnaona jambo hilo? Mzungu na bunduki zake alilazimika kufuata kipimo cha Wamasai. Wazee wetu walijua wanachotaka, na hawakutoka kwenye kipimo chao. Likumbukeni jambo hili, tutalirudia tukifika kwenye bei.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe.

KAZI YA KWANZA: NYOTA YA SHANGA

Hii ni ya kuning'iniza kwenye mti au mlangoni. Mnahitaji waya mwembamba unaopindika kwa mkono, shanga ndogo za rangi mbili, na koleo.

Kata waya wa sentimita 40. Pima sentimita 5 kutoka mwisho mmoja, pinda hapo ili shanga zisitoke. Ingiza shanga 12 za rangi ya kwanza, kisha 12 za rangi ya pili, kisha 12 za rangi ya kwanza tena, hivyo hivyo hadi mafungu yawe 10. Jumla ni shanga 120. Mwishoni zibaki sentimita kama 5 za waya mtupu. Kama shanga zenu ni nene, punguzeni idadi kwa kila fungu, lakini mafungu yasipungue 10.

Sasa pinda waya kila rangi inapobadilika: mara moja nje, mara moja ndani, nje, ndani. Utapata ncha tano. Kutanisha miisho miwili, isokote pamoja, na kile kinachobaki ufanye kitanzi cha kuning'iniza. Ncha ya waya ifichwe ndani, isimchome mtu.

Aliyezoea atamaliza kwa nusu saa, anayejifunza kwa saa nzima. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuhesabu mafungu. Huyo anajifunza hesabu bila kujua kwamba anajifunza! Dada yake mkubwa anaingiza shanga, baba anakata na kupinda waya, koko anachagua rangi.

Tumemtaja koko, bibi yetu, makusudi. Yeye ndiye anayejua rangi ipi ikae karibu na ipi. Nyekundu ni damu na ushujaa. Nyeupe ni maziwa. Buluu ni mbingu inayotupa mvua, na kijani ni nyasi. Vijana wengi wa Kitengela waliozaliwa karibu na lami hawajafundishwa haya. Wakati mikono inafanya kazi, mdomo uko huru. Mwulizeni koko mkufu wake wa arusi ulitungwa na nani, na kwa nini ukapangwa vile. Mtashangaa.

KAZI YA PILI: KADI ZA KRISMASI NA MWAKA MPYA

Chukua karatasi ngumu, hata ya kaki. Kata kipande cha sentimita 20 kwa 15, kikunje katikati, utapata kadi ya 10 kwa 15. Usikunje kwa kubahatisha. Pima kwa rula, kisha pitisha mgongo wa kisu taratibu pale utakapokunja, ili mkunjo unyooke.

Kwa mapambo, tumia kipande cha shuka kuukuu. Kata umbo la ng'ombe, la mti wa mgunga, au la nyumba, ubandike kwa gundi. Kisha shona shanga chache juu yake: jicho la ng'ombe, nyota juu ya nyumba. Tano au sita zinatosha. Ukijaza shanga nyingi, kadi inakuwa nzito na haikunjiki.

Ndani usiandike kitu. Mnunuzi anataka kuandika maneno yake mwenyewe. Nyuma, chini kabisa, andika jina la kikundi na mahali kadi ilikotengenezwa kwa herufi ndogo nadhifu. Mwenye mwandiko mzuri nyumbani apewe kazi hiyo.

KAZI YA TATU: HORI NA MTI WA NYUMBANI

Hii ni ya kupamba kwenu wenyewe, haina gharama. Watoto wachungaji tangu zamani hufinyanga ng'ombe wa udongo. Basi wafinyange ng'ombe, kondoo na punda, wawaanike kivulini siku kadhaa. Ukiwaweka kwenye jua kali siku ile ile, watapasuka. Watu wa hori watengenezwe kwa maganda makavu ya mahindi. Yaloweke kwenye maji ya vuguvugu mpaka yalainike, kunja, funga kwa uzi shingoni na kiunoni, yaache yakauke. Kipande cha kitambaa kikiwa shuka begani, tayari una mchungaji wa Bethlehemu aliyevaa kama mchungaji wa Isinya. Watoto watacheka, na kazi itaendelea.

Kuhusu mti: tafadhali msikate mti mbichi kwa ajili ya sherehe ya siku moja. Kwenye udongo wetu mweusi kuna ule mti wa miiba wenye vinundu vyeusi, eluai. Upepo ukipita kwenye matundu ya vinundu vyake hupiga mluzi. Tafuteni tawi lililokwisha kukauka, likung'uteni nje vizuri kwa sababu sisimizi hukaa humo ndani ya vinundu, kisha lisimamisheni kwenye debe la mchanga. Vile vinundu tayari ni mapambo. Ning'inizeni nyota zenu hapo. Miiba ya chini ikatwe kama kuna watoto wadogo.

TAHADHARI

Tuna mambo manne ya kuangalia.

La kwanza: mtoto anayetambaa asikaribie shanga. Huweka kila kitu mdomoni, na shanga inaweza kumkaba au kuingia puani. Tandikeni ngozi au shuka, mfanye kazi juu yake, na mkimaliza mkung'ute na kuokota zote.

La pili: msishone usiku kwa koroboi. Macho yanaumia na moshi si mzuri kwa kifua. Fanyeni kazi mchana, chini ya mti.

La tatu: kuna watu wanaoweka manyoya ya mbuni, miiba ya nungunungu au ganda la kobe kwenye mapambo, kwa kuwa mbuga ya Nairobi iko jirani na vitu hivyo huokotwa. Msifanye hivyo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwa na viungo vya wanyamapori au kuviuza bila kibali, hata kama wewe umeokota tu. Ganda la yai la mbuni la kale liacheni kwa wataalamu.

La nne: kufunga mzigo. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini Kenya. Fungeni kwa karatasi au kitambaa. Mnunuzi naye anapenda hivyo.

BEI: PIGENI HESABU KABLA YA KWENDA SOKONI

Hapa ndipo wengi huumia. Mtu anafanya kazi nzuri kabisa, halafu akiulizwa bei anasema, "Wewe utanipa ngapi?" Jameni! Umemkabidhi mwenzako mfuko wako.

Tutatoa mfano. Hizi si bei za sokoni, ni mfano tu, ninyi wekeni za kwenu. Tuseme nyota moja inatumia shanga za shilingi 15 na waya wa shilingi 5. Hizo ni 20. Tuseme saa moja ya kazi yako umeithamini kwa shilingi 50. Sasa ni 70. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 400, na umebeba nyota 40, kwa hiyo kila nyota inabeba nauli ya shilingi 10. Jumla ni 80.

Basi akija mchuuzi akasema atachukua kwa 60, umemlipa shilingi 20 ili akuondolee kazi yako. Yeye anaondoka akifurahi, wewe unasema umeuza! Hapa ndipo tukumbuke wale waliomngoja Thomson na shanga zake. Walikuwa na kipimo, na walisimama nacho.

Ukiuza kwa 120, nyota 40 zinaleta shilingi 4,800. Toa shanga na waya 800, toa nauli 400. Zinabaki 3,600. Kama nyumba ina watu wanne, kila mmoja ametengeneza nyota 10 tu katika likizo nzima. Haba na haba hujaza kibaba. Haitamaliza karo, hatutawadanganya. Lakini inaweza kununua viatu na madaftari, na yule mbuzi abaki zizini mpaka bei iwe nzuri.

Yote hayo yaandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto wa shule ndiye awe karani wa nyumba: leo tumenunua nini, tumetengeneza ngapi, tumeuza ngapi, nani anadaiwa.

KUUZIA WAPI?

Anzeni karibu. Baada ya ibada watu wanasalimiana nje. Weka meza moja. Kitengela ya leo ina watu wengi waliohamia kutoka kila pembe, wanaofanya kazi Nairobi na Athi River, na wanataka kitu cha kupeleka kwao Krismasi. Hao ni wateja wako, huna haja ya kungoja mtalii tu.

Pili, Nairobi. Soko la Maasai hufanyika mahali mbalimbali kwa siku mbalimbali za wiki. Lakini mnapokwenda, muende kama kikundi, mgawane nauli, na kazi zenu zifanane kwa ukubwa na ubora. Mwenye duka akitaka nyota 100 hataki 30 zilizonyooka na 70 zilizopinda. Chagueni watu wawili wakali wa kukagua. Nyota iliyopinda irudi nyumbani, hata kama ni ya mke wa mwenyekiti.

Tatu, mjue majira. Mnunuzi wa ng'ambo anayetaka vitu vya Krismasi huagiza miezi mingi kabla, maana mzigo unasafiri na maduka yake yanapamba mapema. Ukianza Desemba umechelewa kwa huyo. Ya likizo hii ni ya kuuza hapa karibu na ya kujifunzia. Za ng'ambo zipangwe mwakani, mapema. Biashara ni asubuhi.

Nne, malipo. Kuna mchuuzi mmoja aliwahi kuchukua mikufu kwa kikundi chetu, akasema atalipa akirudi. Tunamngoja mpaka leo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 hakuna sababu ya kungoja hivyo. Anayeagiza atume nusu ya fedha kwanza, ndiyo mnunue shanga kwa fedha yake. Nusu ya pili ailipe kabla mzigo haujaondoka.

Na msione haya kutumia kilichotupwa. Upande ule wa mbuga ya Nairobi, karakana ya kioo ya Kitengela iliyoanzishwa na Nani Croze imejulikana mbali kwa kugeuza vioo vilivyovunjika kuwa glasi, shanga na mapambo. Kutoka kisiwa cha Kiwayu, Lamu, mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza kazi ya kuokota ndala zilizoletwa na bahari na kuzichonga kuwa wanyama. Na sisi Wamasai, si tunavaa akala zilizokatwa kwenye matairi? Vipande vinavyobaki fundi akikata akala vinaweza kuwa vishikio vya funguo, ukishonea shanga juu yake. Hiyo ni kazi nzuri kwa akina baba na vijana wa kiume.

FEDHA IKIPATIKANA

Sasa tuseme neno gumu kidogo. Kazi imefanywa na nyumba nzima, fedha imeingia. Ni ya nani? Kuna nyumba ambazo mama na mabinti wanashona mwezi mzima, halafu fedha inapotea jioni moja pale senta. Mwakani ukimwambia binti aje mshone, atakuja kweli?

Tunapendekeza hivi: kabla ya kukata waya wa kwanza, familia ikae, baba akiwepo, ikubaliane fedha itafanya nini. Iandikwe kwenye daftari lile lile. Fungu la kwanza lirudi kununua shanga, la sivyo kazi itakufa. Fungu la pili liende shuleni. Na kila mtoto aliyefanya kazi apewe chake, hata kama ni kidogo, mvulana na msichana sawa.

Kwa wasichana tunaongeza jambo. Likizo ya Desemba ni wakati ambao baadhi yao hupelekwa kukeketwa, kisha kuozwa, na Januari dawati lake linakaa tupu. Sheria ya mwaka 2011 imekataza ukeketaji, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa kuiondoa. Hatusemi shanga zitazuia jambo hilo. Linazuiwa na wazazi. Lakini mzazi anayekaa na binti yake chini ya mti kila siku, akimsikiliza, akipanga naye sare ya Januari, huyo amekwisha kusema msimamo wake mbele ya watu wote wa boma. Na binti mwenye hofu hupata mtu wa kumwambia.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika nyumba zetu, nani anajua kutunga shanga, na nani hajafundishwa? Koko gani anaweza kutufundisha likizo hii?

2. Kazi tunayouza sasa inatugharimu kiasi gani, tukihesabu vifaa, saa na nauli? Tunauza juu ya hapo au chini ya hapo?

3. Nani watakuwa wakaguzi wetu wawili, na tutawaunga mkono wakirudisha kazi mbaya?

4. Fedha ya mwaka jana ilifanya nini? Akina mama wajibu kwanza, kisha akina baba, kisha watoto.

5. Ni watoto wangapi wa wanachama watarudi shule Januari? Yaandikeni majina yao sasa, mwangalie tena shule zikifunguliwa.

Swali la tano msiliruke. Kikundi kikiwa na majina hayo kwenye daftari, mtoto akikosekana kitajua, na kitauliza kwake mapema.

Ndugu zetu, waya na koleo viko hapa mezani, na shanga tumeleta kidogo. Anayetaka kujaribu nyota ya kwanza asogee. Vijana wa kule nyuma, tuanze na ninyi.